Samaki Ambaye Sikumpika

Baba Zuhura wangu,

Samaki yupo hai. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Kama barua zingekuwa zinafika huko uliko, ungeziruka salamu zote ukatafuta habari ya samaki kwanza. Basi yupo hai, amekula asubuhi, na sasa hivi ninavyoandika amesimama nyuma ya kioo ananitazama kwa jicho moja, na lile jingine linaangalia dirishani kwenye barabara ya mabasi. Salamu zitafuata.

Najua utauliza samaki gani, maana miaka mitatu iliyopita, ulipotutoka, nyumba hii ya Mkata haikuwa na samaki zaidi ya dagaa wa kwenye kopo. Tulia nikueleze. Nina jambo la kujivunia, na wewe unajua mimi nikiwa na jambo la kujivunia siwezi kulisema kwa ufupi.

Ni bunju. Ndiyo, bunju yule yule ambaye wavuvi wa Pangani wakimkuta kwenye nyavu wanamtupa mchangani, kwa sababu nyama yake ina sumu na mtu akimla anaweza asione kesho. Ana madoa meusi mgongoni, tumbo jeupe, na meno manne ya mbele kama ya sungura. Alipokuja alikuwa mdogo kama limau. Sasa amefika ngumi yangu, na ngumi yangu unaijua ukubwa wake. Anakaa sebuleni, ndani ya sanduku la kioo ambalo mimi mwenyewe nimelisimamia tangu kioo cha kwanza mpaka tone la mwisho la maji.

Aliyemleta ni mwanao. Zuhura siku hizi yuko Pangani, kwenye ofisi ya uvuvi, anavaa buti za mpira na kuwaelekeza wanaume wenye ndevu nyavu zipi zinaruhusiwa. Ungemwona ungecheka, halafu ungeenda kumtangazia kila mtu stendi. Siku moja akanipigia simu: "Mama, kesho nakuja, nakuletea samaki." Mimi nikasikia samaki, nikasikia mboga. Kesho yake nikakuna nazi mbili, nikakata nyanya, nikatafuta ndimu, na jirani nikamwambia kabisa kwamba leo kwangu usipite bila sahani. Mwanao anashuka kwenye basi na ndoo yenye mfuniko. Nikaipokea, nikaiingiza jikoni, nikakunja mkono wa gauni.

"Mama, ngoja! Usitie mkono!"

"Kwa nini, ana miiba?"

"Ni bunju huyo, Mama. Huyu siyo wa kula. Ni wa kukaa naye."

Nikamtazama mtoto, nikatazama tui langu. Siku ile tulikula ugali kwa tui tupu lenye nyanya, jirani yumo, na ndoo ipo katikati yetu kama mgeni wa nne. Zuhura alieleza kwamba alimwokota mchangani kabla hajafa, akamweka kwenye beseni chumbani kwake, na mwenye nyumba amemwambia achague kati ya chumba na samaki. Alitaka nimtunzie wiki mbili tu, mpaka apate chumba kingine.

Baada ya kula nilibaki peke yangu na ile ndoo. Nikafunua mfuniko. Yule mdogo akapanda juu polepole, akageuza jicho, akaniangalia usoni. Baba Zuhura, niliuweka mfuniko chini. Nilimkumbuka Mnyapara.

Najua na wewe umemkumbuka. Hatukuwahi kumtaja tena, mimi na wewe, kwa miaka yote tuliyokaa pamoja, lakini leo nitamtaja.

Tulikuwa na miezi minne ya ndoa, tunakaa Ngombezi kwenye nyumba za laini za shamba la mkonge, chumba kimoja na kibaraza. Wewe ulikuwa unafanya kazi korona, kiwandani, unalisha majani ya mkonge kwenye mashine, unarudi umelowa ule utomvu wa kijani unaowasha ngozi, na ndani huingii mpaka ujimwagie maji mara mbili. Mvua kubwa zilikuwa zimepita, mto umerudi mahali pake, na madimbwi yanakauka pembezoni mwa shamba. Ukarudi jioni moja na debe begani, mle ndani kambale mwenye masharubu marefu amebanwa na matope. Ukasema ulimkuta anahangaika kwenye dimbwi lililobaki upana wa sinia, na yeye akakukodolea macho. Nikadhani umeleta kitoweo. Kumbe ukachukua pipa lililokatwa nusu, ukalisugua, ukalijaza maji, ukamwachia. "Huyu namfuga," ukasema. Kwa yale masharubu ukamwita Mnyapara, na ukaniambia ni mnyapara wa kwanza uliyempenda.

Kila ukirudi kazini ulikuwa unagonga ubavu wa pipa kwa kidole, ko ko ko, mara tatu. Anapanda. Unampa makombo ya ugali, siku nyingine kumbikumbi. Wenzako wa laini walikucheka, na mimi pia nilikucheka, kwa sauti kubwa kuliko wao. Mwanamume mzima anafuga mboga!

Halafu ile Jumapili mama yako akaja kutoka Kang'ata bila taarifa, yeye na shangazi yako, mara yao ya kwanza kuniona nikiwa mke wa mtu. Wewe ulikuwa umeenda Korogwe mjini. Walifika jua la saa sita, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikawapa shikamoo, nikawapa maji, nikaingia ndani kutafuta cha kuwapikia. Kulikuwa na unga. Kulikuwa na chumvi. Basi. Wakwe zangu wametoka Kang'ata kuja kula ugali na chumvi kwa mke mpya? Nilisimama katikati ya chumba nikatamani ardhi inimeze.

Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Nikagonga pipa, ko ko ko, kama ulivyokuwa unagonga. Akaja.

Hilo ndilo sikuwahi kukuambia. Ulijua nilimpika. Hukujua kwamba nilimwita kwa mlio wako, na yeye akapanda akidhani ni wewe.

Ulirudi ukakuta mama yako anakula kwa furaha, anasifia mchuzi. Ukanawa, ukakaa, ukamega. Ulipoona kichwa kwenye bakuli ulisita kidogo tu, kisha ukaendelea. "Mboga tamu," ukasema mbele yao wote. Mkapiga soga, ukawasindikiza mpaka stendi, na uliporudi ulienda moja kwa moja kwenye pipa. Ulisimama pale mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa nakuchungulia dirishani, maneno ya kukuomba radhi yapo mdomoni, na kiburi changu kimekaa mbele yake. Kesho yake ulimwaga yale maji kwenye mchicha. Hukufuga samaki tena maisha yako yote.

Kwa hiyo wiki mbili za Zuhura zilipokwisha, akapiga simu kwamba amepata chumba, nikamwambia, "Mwache."

"Mama, samaki huyu ana kazi nyingi."

"Mimi nimekulea wewe."

Nilitaka samaki mmoja, mmoja tu, aishi nyumbani kwangu mpaka siku zake ziishe zenyewe. Sikumweleza mtoto sababu. Nilimwambia tu kwamba nimemzoea, jambo ambalo lilikuwa kweli pia.

Sasa sikiliza mkeo alivyofanya kazi. Zuhura alinitumia maelekezo, nikayanakili kwenye daftari langu la mahindi, na siku ya Jumatatu nikapanda basi kwenda Korogwe kwa fundi wa madirisha ya alumini. Nikamwambia nataka sanduku la kioo, futi tatu na nusu urefu, futi moja na nusu kwenda juu.

"La mandazi, mama?"

"La bunju."

Fundi akaweka chini kisu cha kioo. Akauliza kama najua bunju ni nini. Nikamwambia ninaye nyumbani, ananisubiri. Akataka kunitengenezea kwa kioo chembamba cha madirisha, akisema kinatosha kabisa. Nikafungua daftari nikamwonyesha: milimita kumi. Maji ni mazito, fundi, dirisha huwa halibebi maji. Akanitazama upya, na kuanzia hapo akawa ananiita mwalimu. Alibandika kwa silikoni ile inayonuka siki, akaniambia nisilitie maji mpaka wiki ipite. Lilikuja Mkata juu ya lori la mahindi, limelazwa kwenye magunia matupu, na mimi nimekaa kando yake nimelishika kama mgonjwa.

Kabla ya kuliingiza ndani nililijaza maji uani, nikanyunyiza majivu makavu chini yake pande zote, kama tulivyokuwa tunapima debe la mafuta ya taa. Asubuhi nikapiga magoti na kuyakagua majivu. Hakuna hata tone. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Nimeliweka juu ya ile meza yako ya mninga. Unakumbuka nilivyokucheka ulipokuwa unaichonga, nikakuuliza kama tunategemea kumlisha tembo? Sasa imebeba mzigo huo wote na haijatoa hata mlio. Nakuomba radhi kwa tembo.

Maji ndiyo yalikuwa shughuli. Bunju huyu ni wa pale mto unapokutana na bahari, kwa hiyo anataka maji ya chumvi nusu. Zuhura ananitumia madumu ya maji ya bahari kwa basi, mimi nachanganya na maji ya mvua kutoka kwenye mabomba ya bati uliyoyafunga wewe, dumu kwa dumu, halafu napima chumvi kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Mara ya kwanza kondakta alinishushia madumu manne akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, haya ni ya tiba?" Nikamwambia ni ya samaki. Hakuamini. Wiki ile ile watu wakaniona kwenye jaruba la mpunga, nimevaa glovu mpaka kwenye kiwiko, nachagua konokono. Meno ya bunju hayaachi kukua, lazima atafune vitu vyenye gamba, vinginevyo yanamziba mdomo akafa na njaa. Basi maji ya bahari, konokono, mjane anayekaa peke yake: unaweza kufikiria Mkata walisema nini. Jirani yangu alikuja kuniuliza kwa upole kama kuna mtu amenikosea.

Nilimshika mkono nikamleta mbele ya kioo, nikadondosha konokono mmoja. Bunju akamzunguka, akamtazama kwa jicho hili, akamtazama kwa lile, kisha ka! Gamba likapasuka. Jirani alipiga ukelele, akacheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo yeye aliyeeneza uvumi wa uchawi ndiye aliyeufuta. Siku hizi watu wakisubiri basi wanaomba kuja kuchungulia. Mwalimu wa shule ya msingi ameleta darasa zima, wakakaa sakafuni, na mimi niliyeishia darasa la saba nikawaeleza kwa nini maji mapya lazima yakae wiki kadhaa na kukomaa kabla samaki hajaingia, kwa nini bunju anakaa peke yake, kwa nini mtu akigusa maji yake ananawa kwa sabuni. Mtoto mmoja akanyoosha kidole agonge kioo. Nikamwambia hapana, hapa hatugongi. Zuhura alikuwa ameniandikia hilo kwenye maelekezo, kwamba mlio unamshtua. Mimi nilikuwa nalijua bila kuandikiwa.

Lakini usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Kuna siku nusura nimuue, na ni kwa kiburi kile kile.

Maji yake yanapita kwenye ndoo ndogo yenye sponji inayoshika uchafu. Sponji ilichoka, Zuhura akasema ninunue nyingine. Mimi nikajiambia: mtu aliyezaliwa laini za Ngombezi, aliyeanika singa, zile nyuzi za mkonge, tangu akiwa na miaka tisa, akanunue sponji? Mpaka wetu na jirani si una mkonge? Nikakata majani saba, nikayapara kwa panga juu ya ubao kama wanavyofanya wanaosuka kamba, nikasuuza mara moja, nikaanika kwenye kamba. Siku ilikuwa ya mawingu. Baada ya sala ya adhuhuri nikazikusanya zile singa, nyeupe, nzuri, mbichi bado, nikazishindilia kwenye ndoo. Nikasimama nikajisifu.

Alasiri niliona povu juu ya maji. Bunju alikuwa kwenye kona, tumbo limekuwa la kijivu, anahema kwa haraka, na nilipokuja hakugeuza jicho. Ndipo nikakuona wewe. Nilikuona umesimama kwenye mfereji wa korona, ule unaotoa maji machafu ya mkonge, mwaka wetu wa kwanza, unanionyesha perege waliogeuza matumbo pale mfereji unapoingia kijitoni. "Utomvu wa mkonge unaua samaki, Mwanaidi," uliniambia. "Sisi unatuwasha tu, wao unawamaliza." Ulinionyesha kwa kidole, na mimi nikatikisa kichwa. Nimekulia pale, nilijua kabla yako. Halafu uzee huu wote naenda kumnywesha utomvu samaki wangu.

Nilizitoa zile singa nikazitupa uani. Nikampigia Zuhura.

"Mama, sikiliza. Usimtoe kwa wavu, asije akameza hewa. Mchote na maji kwa bakuli. Una maji mengine yaliyo tayari? Yenye chumvi ile ile?"

"Ninayo."

"Kiasi gani?"

"Madumu matano. Chini ya kitanda."

"Matano? Nani alikuambia uweke matano?"

Wewe, Baba Zuhura. Nani mwingine. Mtu wa Kang'ata uliyelelewa kwa maji ya lambo, ulikuja Ngombezi ukakuta mto mzima unapita, na bado ukajaza madumu chumbani mpaka tukakosa pa kuweka miguu. Ukaandika kwa chaki kila dumu: la Jumatatu, la Jumanne. Nilikuuliza kama unaogopa mto utahama. Mama yako naye hanywi maji ya bomba mpaka aone pipa limejaa, anasema "mazi", maji kwa Kizigua chao, yaliyo bombani bado si yako. Nilikucheka miaka thelathini, na nilipobaki peke yangu nikajikuta najaza madumu na kuandika siku kwa chaki, hata ya bunju.

Nilimchota kwa bakuli. Alipoguswa na ukingo akavimba, akawa duara, miiba midogo imesimama, macho yamemtoka, na mimi nikadhani ndiyo anapasuka. Nikamzamisha bakuli zima kwenye ndoo ya dumu la Jumamosi. Nikakaa chini sakafuni. Sikugonga, sikuita. Nilisema tu maneno, mengine ya dua na mengine siyo ya kuandikwa. Polepole akanywea. Nikamwaga maji yote ya kioo, nikasuuza mchanga, nikajaza nusu kwa madumu yaliyobaki, nikamrudisha. Magharibi ilipoadhiniwa aligeuza jicho akanitazama, na nilipodondosha kipande cha nyama ya kamba wa baharini alikifuata. Nililia, Baba Zuhura. Nililia kama nilivyopaswa kulia siku ile pale kwenye pipa.

Sponji nilinunua kesho yake. Mbili.

Sasa nifike kwenye sababu ya barua hii. Wiki hii mama yako alikuja. Ana miaka yake, haoni vizuri, lakini amepanda gari mwenyewe kutoka Kang'ata kwa sababu amesikia mkwe wake ana samaki mwenye sumu na anataka kujua kuna nini. Alikuja bila taarifa, kama kawaida yake. Shikamoo, marahaba, nikamkalisha kwenye kiti cha mbele ya kioo. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa.

"Huyu tunamla lini?"

"Huyu haliwi, mama. Anaangaliwa."

"Kutwa?"

"Kutwa."

Akamwangalia. Bunju akamwangalia. Wakakaa hivyo muda mrefu, nadhani walipendana. Halafu akauliza jina lake. Nilikuwa sijamwambia mtu jina lake, hata Zuhura. Nikasema, "Mnyapara."

Mama yako akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kifua. "Kama yule tuliyemla Ngombezi?"

Baba Zuhura, nilikaa. Nilimuuliza alijuaje. Akashangaa kwamba nauliza. Akasema ulimwambia mwenyewe, siku ile ile, ukiwasindikiza stendi.

"Alisema, 'Mama, yule samaki nilikuwa namfuga, nilimpa na jina. Lakini umemwona mke wangu? Hakukubali ule ugali na chumvi.' Alikuwa anatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyepika, na machozi yanamtoka. Shangazi yake akamwambia achague moja, kulia au kuringa. Akasema hawezi, yote mawili yamemshika."

Nilienda jikoni nikajifanya nachochea moto.

Miaka yote ile nilidhani ulisimama pale kwenye pipa ukinihesabia kosa. Nilidhani ulinyamaza kwa sababu ulikuwa umeudhika kiasi cha kutosema. Kumbe uliringa kwa ajili yangu mbele ya mama yako, barabarani, huku unalia, na nyumbani ukaja kumuaga rafiki yako kimya kimya ili mimi nisijisikie vibaya. Ungeniambia, mume wangu. Ningekuambia na mimi. Tulikuwa na chumba kimoja, na bado kila mtu alipata mahali pa kuficha lake.

Hata hivyo nakuomba radhi. Siyo kwa kumpika, maana sasa najua ulinielewa. Nakuomba radhi kwa kugonga. Nilimwita kwa mlio wako, naye akakuamini. Nimelibeba hilo peke yangu muda mrefu, na leo nimelitua.

Na mimi naringa kwa ajili yako. Naringa kwa meza yako, kwa mabomba yako ya bati, kwa madumu yako yenye chaki, kwa mwanao mwenye buti za mpira aliyemwokota samaki mchangani kama wewe ulivyomwokota wako kwenye dimbwi, na hakuna aliyemfundisha. Naringa na kwa ajili yangu pia, kidogo. Aliyekuwa anakucheka kwa kufuga mboga, leo Mkata nzima inamwita Mama Bunju.

Mama yako ameondoka asubuhi hii. Kabla ya kutoka aliomba amlishe konokono mmoja kwa mkono wake, na gamba lilipopasuka akasema mbona anakula kwa kelele kuliko wewe. Anakusalimu. Zuhura anakusalimu. Mwenyezi Mungu akupumzishe pema, akuwekee na mto usiokauka karibu, ingawa najua hata huo utauchotea madumu.

Basi nimalizie hapo. Safari hii mgeni amekuja, amekula maharage, ameondoka. Samaki yumo.

Mkeo,
Mama Zuhura